Muulize Bibi Hojaji: "Kabisa" iko wapi?

Barua za mwezi huu kuhusu madodoso zimekuja kama zilizopangana njiani. Kila moja imepita mlango wake, lakini zote zinauliza jambo moja: maneno ya swali ni yaleyale, mbona majibu yamegeuka? Nimechukua saba. Moja nyingine nimeichana, kwa sababu mwandishi wake alitaka nimfundishe kupika matokeo, na mimi jiko hilo siingii.

Shikamoo Bibi Hojaji,

*Niko idara ya rasilimali watu. Mwaka jana tuliwatumia wafanyakazi dodoso la mtandaoni kuhusu wanavyoiona kazi yao: sentensi kumi na mbili, zote ndani ya jedwali moja, na mbele ya kila sentensi viduara vitano, kuanzia "Sikubali kabisa" hadi "Nakubali kabisa". Mwaka huu fundi mwingine ametupangia sentensi zilezile, neno kwa neno, ila kila moja imekaa kwenye ukurasa wake. Mwaka jana aliyemsifia mkubwa wake alisifia pia mshahara, ofisi na saa za kazi. Mwaka huu watu walewale wanapenda hiki na kukiponda kile. Mkurugenzi anasema kuna mwaka mmoja watu walidanganya, na anataka nimwambie ni upi. Nimjibu nini?*

*Niliyebanwa katikati*

Marahaba, mwanangu. Mjibu kwamba hakuna aliyedanganya. Mwaka jana na mwaka huu mliwauliza maswali mawili tofauti, japo maneno yalikuwa mamoja.

Tuliokuwa tukihoji watu ana kwa ana tunajua kwamba mhojiwa hasikilizi maneno peke yake. Anakutazama usoni. Ukiinua nyusi, anajirekebisha. Ukiandika haraka, anajua amesema ulichokitarajia. Kwenye kioo cha simu uso haupo, lakini ile tabia ya kutafuta ishara haikufa. Mtu sasa anausoma mpangilio: nini kiko juu, nini kiko jirani na nini, wapi pameachwa nafasi. Anafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Anadhani aliyepanga amepanga kwa makusudi, kwa hiyo kila nafasi ina neno inalomwambia.

Mwaka 2004 watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi pamoja Marekani, Roger Tourangeau, Mick Couper na Frederick Conrad, walizitaja tabia tano ambazo macho huzifuata bila kuagizwa. Kilicho katikati ndicho cha kawaida. Kilichoko kushoto au juu ndicho cha kwanza. Vinavyokaa karibu vina undugu. Kilichopanda juu ni kizuri. Na vinavyofanana kwa sura vinafanana kwa maana. Wewe limekupata la tatu. Ukizifungia sentensi kumi na mbili kwenye jedwali moja umemwambia mtu, bila kufungua mdomo, kwamba hizi ni ndugu wa tumbo moja. Naye anazijibu kindugu. Watafiti hao walilipima jambo hilohilo kwa sentensi nane: kundi moja walizipata zote kwenye jedwali moja, kundi lingine zikagawanywa kwenye majedwali mawili, la tatu wakapewa moja moja. Kadiri sentensi zilivyobanwa pamoja, ndivyo majibu yalivyozidi kushikana. Baadhi ya sentensi zilikuwa zimegeuzwa makusudi, yaani kukubali kwake ni kukataa nyingine, na waliojaza jedwali ndio walioonekana kupitiwa zaidi na mgeuko huo.

Ongeza na uchovu. Mtafiti Jon Krosnick aliandika mwaka 1991 kwamba mhojiwa akichoka haachi kujibu. Anaacha kutafuta jibu bora na kuchukua la kwanza linalotosha. Jedwali linamrahisishia: kidole kinashuka safu moja kutoka juu hadi chini kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Nenda kwenye data ya mwaka jana uhesabu ni wangapi walichagua safu ileile mara kumi na mbili. Nitashangaa ukiwakosa.

Sasa, kabla hujaniona mjuzi, nikusimulie aibu yangu. Mimi nilianza kazi hii na ubao wa kuandikia na penseli, nikipita nyumba hadi nyumba. Nilipohamia mtandaoni nilijiona nimefika. Dodoso langu la kwanza la huko lilikuwa jedwali la sentensi tisa na majibu matano, nikalitengeneza kwenye kompyuta ya mezani yenye kioo kipana kama dirisha. Likapendeza. Majibu yakaingia. Nikaandika ripoti ya kurasa kumi na nne nikieleza kwa nini watu wale ni wazito wa kusifia, maana karibu hakuna aliyechagua "Nakubali kabisa". Nilikuwa hata na nadharia yake, tena nadharia tamu.

Siku moja kabla ya kuiwasilisha, mwenzangu wa ofisini alikaa na simu yake, ndogo, yenye ufa ulioanzia kona ya juu ukaishia karibu na kitufe cha chini, akalifungua lile dodoso kwa udadisi tu. Nikasimama nyuma ya kiti chake. Akasoma sentensi ya kwanza akitikisa kichwa kwa kuafiki, kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye kiduara cha mwisho kulia. Nikachungulia. Kiduara cha mwisho kulia kilikuwa "Nakubali". Safu ya tano ilikuwa nje ya kioo. Ili uione ulipaswa kulisukuma jedwali pembeni, na hapakuwa na alama yoyote ya kukuambia kwamba kuna kitu cha kusukuma. Nikamwuliza, "Mbona hukuchagua kabisa?"

Akageuka akanitazama. "Kabisa iko wapi?"

Ripoti ile sikuiwasilisha. Na ndiyo maana nakuuliza wewe swali ambalo mkurugenzi wako hajakuuliza: wafanyakazi walijaza kwa kompyuta au kwa simu? Programu nyingi za madodoso siku hizi zikiona simu hulivunja jedwali zenyewe na kutoa sentensi moja moja. Maana yake inawezekana hata mwaka jana mlikuwa na madodoso mawili, moja la wenye meza na moja la wenye simu mkononi, nanyi mkayamwaga kwenye kapu moja. Mfumo huwa unaweka kumbukumbu ya kifaa kilichotumika. Yatenganishe majibu uyatazame upya.

Ukinibana nichague, nitayaamini zaidi ya mwaka huu, kwa sababu ni rahisi mtu kuonekana mwenye maoni mamoja kuliko kuwa nayo kweli. Lakini kuilinganisha miaka hiyo miwili na kutamka "wameshuka" au "wamepanda", hilo usilitie sahihi. Mwakani, kama mkurugenzi bado ana hamu, wagawe watu nusu kwa nusu kwa bahati nasibu, nusu wapate jedwali na nusu wapate ukurasa mmoja mmoja, siku ileile. Tofauti itakayojitokeza itakuwa imesababishwa na mpangilio, na hakutakuwa na mtu wa kumsingizia uongo.

Bibi,

*Mimi si mtafiti, ni mtu wa kawaida tu ninayejaza. Niliulizwa natumia saa ngapi kwa siku kuangalia video kwenye simu. Jibu la kwanza lilikuwa "chini ya nusu saa", la mwisho "zaidi ya saa mbili na nusu". Ukweli wangu ni saa tatu na kitu. Nilipoona niko mwisho kabisa wa orodha nikaona haya, nikachagua la katikati. Nimewaharibia utafiti wao?*

*Mjazaji mwenye haya*

Kidogo. Ila walianza wao.

Haya yako ina historia ndefu kuliko unavyodhani. Mwaka 1985 Norbert Schwarz na wenzake walichapisha jaribio walilofanya Ujerumani kuhusu saa za kutazama televisheni. Kundi moja walipewa orodha kama yako, inayoanzia nusu saa na kuishia "zaidi ya saa mbili na nusu". Kundi lingine wakapewa inayoanzia "mpaka saa mbili na nusu" na kupanda hadi "zaidi ya saa nne na nusu". Katika kundi la kwanza waliosema wanatazama zaidi ya saa mbili na nusu walikuwa asilimia 16.2. Katika la pili, asilimia 37.5. Televisheni zilezile, watu wa aina ileile, ila orodha moja iliwaambia kuwa saa tatu ni ulafi na nyingine ikawaambia kuwa saa tatu ni mwanzo tu wa safari.

Hakuna mtu anayejua kwa hakika ametazama dakika ngapi. Anakadiria, na anapokadiria anatafuta mahali pa kushika. Orodha inampa mkono: anadhani aliyeiandika anawajua watu, amewaweka wa kawaida katikati na wa ajabu kwenye ncha. Kisha anajiuliza, mimi ni mtu wa ajabu? La. Basi katikati. Linaloniudhi zaidi ni kwamba athari haiishii kwenye swali lile. Katika utafiti huohuo waliopewa orodha ya saa chache, wakajikuta wako huku mwishoni, walisema baadaye kwamba hawaridhiki sana na namna wanavyotumia muda wao wa mapumziko. Orodha iliwapima, halafu ikawasema.

Hata namba tupu husema. Schwarz huyohuyo na wenzake mwaka 1991 waliripoti swali moja: umefanikiwa kiasi gani maishani? Mizani, yaani ngazi za majibu, ilikuwa na hatua kumi na moja na maneno yaleyale kwenye ncha zote mbili. Wengine wakaoneshwa namba 0 hadi 10, wengine −5 hadi +5. Waliojiweka nusu ya chini walikuwa asilimia 34 pale namba zilipokuwa 0 hadi 10, na asilimia 13 tu zilipokuwa −5 hadi +5. Nadhani mwenyewe umekwisha kujua sababu. Sifuri ya mizani ya kwanza inasema "sijafanikiwa sana". Alama ya kutoa kwenye mizani ya pili inasema "nimeanguka". Nani atajiandikia kwa mkono wake kwamba ameanguka?

Kwa hiyo ukikutana tena na orodha ya namna hiyo, tafuta jibu lako kichwani kabla hujaitazama orodha. Ukitaka kuwakomoa kwa heshima, kama kuna kisanduku cha maoni mwishoni, waandikie: "Mngeniachia nafasi niandike namba mwenyewe." Na wanaotengeneza madodoso wakinisoma: kisanduku kitupu kinachodai saa na dakika hakimwambii mtu wenzake wanafanya nini. Kina adabu zake pia, maana hata ukubwa wake unaongea. Leah Christian, Don Dillman na Jolene Smyth walionesha mwaka 2007 kwamba katika swali la tarehe, kisanduku cha mwezi kikiwa kidogo kuliko cha mwaka, na alama za tarakimu mbili na nne zikiwekwa badala ya maneno "mwezi" na "mwaka", watu wengi zaidi waliandika kama walivyotakiwa bila kukosolewa na kompyuta. Ukimpa mtu kisanduku kirefu kwa ajili ya mwezi atakuandikia "mwezi wa sita mwanzoni, kama sikosei", na hutakuwa na haki ya kumlaumu.

Habari za kazi Mama Hojaji,

*Naandaa tasnifu. Nina orodha ya vyanzo kumi na viwili vya habari na nataka kujua watu hutumia vipi. Msimamizi wangu anasema niandike "Weka alama kwenye vyote unavyotumia". Rafiki yangu anasema niulize kila kimoja, ndiyo au hapana. La pili linaonekana refu na la kuchosha. Pia, nitumie orodha inayofunguka ukiigusa ili ukurasa uwe msafi?*

*Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho*

Salama, mwanangu. Msimamizi mheshimu, ila hapa msikilize rafiki.

Kwenye "weka alama kwenye vyote", kiduara kitupu kina maana tatu: situmii, sikukisoma, au nilichoka. Wewe utakapokaa kuchambua huna namna ya kuzitenganisha, na programu itazihesabu zote kama "situmii". Swali la ndiyo au hapana linamlazimisha mtu asimame kidogo mbele ya kila kimoja. Smyth, Dillman na wenzao walipolinganisha njia hizo mwaka 2006, waliopewa ndiyo na hapana walitaja vitu vingi zaidi na walitumia muda mrefu zaidi. Ule urefu unaoulalamikia ndio kazi yenyewe. Ni watu wakifikiri.

Orodha inayofunguka iachie mambo ambayo mtu anajua jibu lake kabla ya kuangalia, kama mwaka aliozaliwa. Kwa maoni ni mtego. Mick Couper na wenzake walijaribu mwaka 2004 majibu kumi ndani ya kisanduku kinachoonesha matano tu mpaka usogeze, na yale yaliyokuwa yanaonekana tangu mwanzo yalichaguliwa zaidi kuliko yalipokuwa yamefichwa. Yalipogeuzwa, yakafichwa ya mwanzo na kutangulizwa ya mwisho, upendeleo ukahama nayo. Ukurasa msafi unaoutaka utaisafisha na data yako.

Hata bila kuficha kitu, la kwanza juu lina bahati yake. Wakati nahoji kwa simu ilikuwa kinyume: ukimsomea mtu majibu sita, la mwisho ndilo linabaki masikioni, na ndilo analolichukua. Kwa macho huchukua la juu. Waambie programu ichanganye mpangilio wa vyanzo vyako kumi na viwili kwa kila mjazaji. Ila tafadhali, usichanganye mizani! Nimewahi kuona "Mara nyingi", "Kamwe", "Mara chache", "Daima" zimerushwa ovyo kama karata, eti kuondoa upendeleo. Mizani ina mwelekeo. Ukiuvunja mtu anatumia akili yake yote kuutafuta na hakibaki kitu cha kujibia swali.

Na "Sijui" uiweke wapi, maana najua utauliza. Ukiitundika chini ya mizani ya majibu matano kama ngazi ya sita, pamoja na "Sina maoni" kama ya saba, basi katikati ya macho inasogea: jicho linahesabu ngazi saba na kuona ya nne ndiyo ya wastani, wakati wastani wako wewe ulikuwa ya tatu. Tourangeau na wenzake wawili, wale wa 2004, waliona majibu yakiteremka kuifuata hiyo katikati ya uongo. Ukipiga mstari kuitenganisha "Sijui", mizani inapona, lakini "Sijui" nayo inaonekana vizuri na watu wengi zaidi wanaichukua. Huwezi kushinda kotekote. Mimi hupiga mstari, na hao wanaosema hawajui nawahesabu kwa moyo mkunjufu.

Bibi Hojaji,

*Mbunifu wetu anasema dodoso la afya bila picha ni kavu. Ameweka picha ya mwanamke anayekimbia, juu ya swali "Afya yako ikoje?" Mimi nasita.*

*Msita*

Sita zaidi. Couper, Conrad na Tourangeau walifanya karibu hivyohivyo, wakachapisha mwaka 2007: wengine waliona mwanamke mwenye siha akifanya mazoezi, wengine waliona mwanamke mgonjwa kitandani hospitalini, kisha wote wakaulizwa juu ya afya zao. Waliomwona mwenye siha walijipa alama za chini kuliko waliomwona mgonjwa. Mtu alijilinganisha na picha. Mwambie mbunifu aiweke kwenye ukurasa wa kushukuru, huko haitamdhuru mtu. Na rangi asizipambe pia: ncha moja ya mizani ikiwa nyekundu na nyingine bluu, watu huziona ziko mbali zaidi kuliko zikiwa rangi moja iliyokolezwa na kufifishwa.

Bibi,

*Ule mstari unaoonesha "umemaliza asilimia 10" unawasaidia watu wasikimbie?*

*Mwenye haraka*

Mstari ukienda kasi mwanzoni, huenda. Ukijikokota mwanzoni, unawafukuza, bora usiuweke. Fupisha dodoso.

Bi Mkubwa,

*Nakusoma kila mwezi na nakuheshimu, lakini naona unakuza mambo. Kiduara kikikaa kushoto au kulia, nani amekufa? Mtu mwenye msimamo wake ataujibu msimamo wake hata ukiupindua ukurasa.*

*Asiyetishika*

Nakubali nusu. Mtu mwenye msimamo mzito hatikiswi kirahisi na mpangilio, na mambo mengi niliyoyataja hapo juu huwakumba zaidi wale wanaokadiria, wanaositasita, au waliochoka. Ila hata mwenye msimamo anahitaji kukiona kiduara chake.

Chukua karatasi moja ambayo haikuwa ya mtandaoni na haikuwa hata dodoso. Novemba 2000, uchaguzi wa rais wa Marekani, wilaya ya Palm Beach katika jimbo la Florida. Msimamizi wa uchaguzi wa pale alitaka wapigakura wazee waone vizuri, akaongeza ukubwa wa herufi. Majina yakawa hayatoshi ukurasa mmoja, akayatandaza kwenye kurasa mbili zinazotazamana kama mbawa za kipepeo, na safu moja ya matundu katikati. Kushoto, jina la kwanza George Bush, la pili Al Gore. Kulia, jina la kwanza Pat Buchanan. Matundu yakapokezana: la kwanza la Bush, la pili la Buchanan, la tatu la Gore.

Sasa wewe na msimamo wako mkononi. Unasoma kushoto kuteremka, kwa sababu kilichoko kushoto na juu ndicho cha kwanza. Mtu wako ni wa pili. Unatoboa tundu la pili.

Buchanan alipata kura zaidi ya 3,400 pale Palm Beach, nyingi kupita wilaya nyingine yoyote ya jimbo lile, na mwenyewe alikiri kwenye televisheni kwamba nyingi huenda hazikuwa zake. Kura nyingine zaidi ya 19,000 ziliharibika kwa kutobolewa zaidi ya mara moja. Fikiria watu wanaogundua kosa na kujaribu kulirekebisha kwa tundu la pili. Florida nzima iliamuliwa kwa tofauti ya kura 537, na Florida ndiyo iliyoamua urais. Wapigakura wale walikuwa na msimamo. Walipanga foleni kwa ajili yake.

Bibi Hojaji,

*Kwa ujuzi wote huo, mbona gazeti lenyewe halijawahi kutuuliza sisi wasomaji maoni yetu?*

*Msomaji wa siku nyingi*

Linakuja. Mhariri ameniomba maswali matano, nimempa manne. Yeye anataka majibu yawe nyuso, kuanzia unaonuna hadi unaocheka, na chini yake kitufe cha kuteleza ambacho kimekwisha kuegeshwa kwenye uso unaocheka. Nimemweleza kwamba kitufe kikianzia pale wengine watakiacha palepale, nasi tutajipongeza kwa furaha ya watu ambao hawakugusa kitu. Akasema nina chuki na nyuso.

Tumefikia mapatano: jana amechukua dodoso na kwenda kulijaribu kwa mlinzi wa zamu ya usiku, kwenye simu ya mlinzi mwenyewe, yeye akiwa amesimama nyuma yake bila kusema neno. Hilo la kutosema neno ndilo lililomtoa jasho. Amerudi asubuhi hii, ameketi, akaniomba penseli. Nyuso zimeondoka. Tunabishana sasa juu ya mstari wa "Sijui".